Nilimwambia Mama Amepumzika

Mpendwa Mama Candide, nisaidie, kwa maana nimekosa mtu wa kumweleza jambo hili, na mume wangu amenikataza kulitaja tena ndani ya nyumba. Nina miaka thelathini na minane, nina duka dogo la vitambaa hapa Kimanga, Uvira, na nina rafiki, au nilikuwa naye, sijui niseme vipi, nitamwita Concilie ingawa si jina lake, mzaliwa wa Sange, tumeimba naye sauti ya pili katika kwaya moja tangu tukiwa wasichana.

Mwaka jana mwezi wa kwanza, parokia moja ya Ubelgiji iliyo na undugu na parokia yetu ilitualika sisi wawili kwa niaba ya kwaya, na kwa kuwa baada ya mwaliko viza ilikuwa imebakiza siku tano tukaamua kuzunguka kidogo wenyewe kabla ya kurudi, Brussels, Cologne, Amsterdam, halafu Paris, ambayo mimi nimeiota tangu shule ya msingi kwa sababu ya picha moja ya mnara kwenye kitabu cha Kifaransa. Mama, tulisafiri kimaskini lakini tulicheka, mabasi ya bei ya chini, vyumba vya vitanda vinane na wasichana tusiowajua, vitenge viwili viwili chini ya makoti tuliyopewa na masista, soksi mikononi badala ya glavu, na kopo la ndagala, dagaa wa kwetu, tulizokaanga Uvira tukizila na mkate kila mji, mpaka kule Brussels mzungu mmoja akafungua dirisha la jikoni kwenye baridi ile kwa ajili ya harufu, na Concilie akamkaribisha kwa adabu kabisa aje aonje. Simu ya Concilie ilikuwa ya tochi, haikushika kule, kwa hiyo habari zote za nyumbani zilipitia kwangu.

Mama yake tulimwacha anakohoa, wiki nzima hajalala, usiku anakaa tu ameegemea ukuta, lakini ni yeye mwenyewe aliyesema twende.

Asubuhi tuliyofika Cologne tulikuwa tumesimama kituoni, Concilie anakula mkate, simu yangu ikalia. Wewe unajua huku kwetu habari ya kilio haipelekwi moja kwa moja kwa aliye safarini, hupewa mwenzake, ndiyo maana Sévère, kaka yake mkubwa, aliniandikia mimi: "Mama amepumuzika leo asubuhi. Tafazali umukalishe Concilie chini, umuambie polepole. Weye njo ndugu yake kule. Tunazika kesho saa tisa, tutapiga simu asikie misa."

Concilie akaniuliza, "Kwetu wanasema nini?"

Ninaapa nilitaka kumkalisha, lakini yakanijia yote kwa pamoja, kwamba akijua safari imekwisha, tutakaa kwenye kitanda cha watu tukilia mpaka siku ya ndege, na zimebaki siku mbili tu tufike Paris, na viza haitatoka tena maishani mwangu, na yule mama amekwisha kufa hata tulie namna gani, na kabla sijamaliza kuwaza nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama amepumuzika."

Akapiga makofi na mkate wake mkononi. "Merci Yezu! Juma nzima hakulala, leo amepumuzika!" Akauma mkate tena. Mchana akaingia duka moja akamnunulia mama yake soksi za sufu.

Sévère akaandika, "Umemuambia?" Nikajibu, "Nimemuambia." Akataka asikie sauti yake, nikaandika kwamba amezidiwa, hawezi kuzungumza, nikazima simu.

Kesho yake tulikuwa Amsterdam, theluji inaanguka, na saa ileile waliyokuwa wanamteremsha mama, Concilie alikuwa anaikimbilia na kofia nyekundu kama mtoto, akaniambia, "Piga foto utume kwa Sévère, mama aone vile hii barafu iko inaanguka," ikabidi niwashe simu, akasimama kando yangu ananitazama vidole, nami nikatuma nikisema moyoni nitaifuta akigeuka. Sévère aliiona palepale.

Paris ilinyesha mvua. Nilisimama mbele ya ule mnara nikalia, na Concilie akadhani ni baridi, akavua shali yake akanifunga shingoni.

Tulipovuka mpaka wa Kavimvira kurudi nyumbani, binamu yake Agnès alimpokea kwa kumwambia pole, na pale ndipo alipojua, alianguka chini na mizigo mgongoni. Nyumbani Sange kaka zake hawakumgusa mkono. Walimwonyesha picha yenye kofia nyekundu, wakamwonyesha na ujumbe wangu, nimemuambia. Akanigeukia mimi niliyemsindikiza, Mama Candide, mbele yao wote, akaniuliza, "Uliniambia?" Nikasema, "Si nilikuambia mama amepumuzika?" Akawageukia kaka zake, akawaambia, "Ni kweli, aliniambia. Miye njo sikusikia muzuri." Sévère akamjibu, "Muntu mukubwa anaambiwa mama yake amepumuzika, anacheka? Ulisikia." Mimi nikatikisa kichwa tu kama mtu mwenye huzuni.

Tangu hapo haimbi. Amekonda. Huja dukani kwangu ananiomba nimwambie tena nilivyolisema lile neno, kama nilikuwa namtazama, kama sauti yangu ilikuwa chini, anatafuta mahali alipokosea, nami namjibu usijisumbue. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kumaliza kilio, ile wanayoiita kuganduka, ambapo watoto wa marehemu huitwa mbele mmoja mmoja kwa majina, na kaka zake wamesema jina lake halitaitwa, aje akae na wageni au asije. Mume wangu Clovis ananiambia, "Si neno ulisema? Unatafuta nini tena? Nyamaza, itaisha." Na mwenyewe Concilie amekwisha kukubali kwamba kosa ni lake. Je, nikifungua sasa sitamwongezea kidonda? Na tutabaki marafiki? Nishauri, Mama, maana hata kula siwezi.

Mimi N., Kimanga.

*

Dada wa Kimanga,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikulilia, mara ya pili nilikasirika, na hiyo hasira ndiyo iliyoshika kalamu, kwa hiyo vumilia.

Hukumwambia. Acha kabisa kusema ulimwambia. Wewe ni mzaliwa wa huku, unajua kilio kinavyopelekwa. Mtu unamkalisha, unampokonya alichoshika mkononi, kiwe chakula au mtoto, unamshika mabega, ndipo unasema. Ungeambiwa wewe kifo cha mama yako umesimama kituoni unatafuna, ungesema umeambiwa? Mama hakulala wiki nzima, na wewe ukamchagulia binti yake neno hilohilo la kupumzika. Ukamwona anashangilia. Pale ulikuwa na muda wa kusema, hapana Concilie, sikiliza vizuri. Ukamwacha aende dukani.

Kutaka kuona Paris si dhambi. Mwanamke anayekunja na kukunjua vitambaa kutwa nzima ana haki ya kutamani mahali. Na woga wako naufahamu. Niliwahi kutumwa kumpelekea jirani habari ya mwanawe, nikaizunguka nyumba yake mara tatu nikijifanya natafuta kuku. Kwa hiyo saa moja ya woga ningekusamehe, hata siku nzima ningekusamehe, na kwa hiyo mvua uliyolilia pale mnarani nakupa pole ya kweli, maana ulikifikia ulichokitamani ukakikuta hakina ladha.

Lakini la Sange siwezi kulipita. Rafiki yako amefiwa, ametoka safari, kaka zake wamemnyima mkono, anakugeukia wewe kama mtu wa mwisho aliyebaki naye, na wewe unamrudishia kosa lako alibebe. Na akalibeba! Kwa sababu anakuamini kuliko anavyoyaamini masikio yake. Mwaka mzima anakuja dukani kwako kutafuta alipokosea, na wewe unajua hakukosea popote, unampimia mteja mita tatu za kitambaa na kumwambia asijisumbue. Aibu, dada. Nasema aibu.

Unauliza kama utamwongezea kidonda. Kidonda kipo, kila akija dukani unakichokoa. Mumeo anataka utulivu wa nyumba yake, simlaumu, ila mwambie huo utulivu Concilie ndiye anayeugharamia.

Sasa nenda. Ukiisoma hii asubuhi, nenda kabla ya mchana. Nenda peke yako, usimchukue Clovis, usibebe sukari wala kitenge. Mkalishe. Mwambie kwamba ulipokea habari, uliombwa umweleze polepole, hukumweleza, na alipopiga makofi ulijua hajaelewa. Mwambie na sababu, usiipambe, useme ulitaka kuona Paris. Usianze na habari ya kuchanganyikiwa. Wala usimwombe msamaha siku hiyo, kwa sababu ukimwomba ataanza kukubembeleza, namjua wa namna hiyo, ndiye aliyekuvisha shali. Akipiga kelele, kaa. Akikufukuza, toka, lakini usifunge simu yako tena.

Kesho yake panda gari hadi Sange kwa Sévère, naye Concilie akitaka kuja aje, asipotaka usimlazimishe. Usingoje Jumamosi mbele ya wageni na pombe, huo utakuwa mchezo wa kuigiza, na wazee hawapendi kushtukizwa. Ongea naye na wadogo zake ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Mweleze hivi tu: nilimtamkia akiwa amesimama, na mkate mkononi, na aliuma tena baada ya mimi kusema. Watu wa Sange hawatahitaji maelezo zaidi, watajua wenyewe kwamba yule mtu hakuwa ameambiwa. Kama ujumbe wako na wa Sévère bado umo kwenye simu, wape wasome. Kisha mwombe jambo moja tu, jina la dada yao liitwe pamoja na yao. Watakutukana. Kaa utukanwe mpaka wamalize, ndipo urudi Kimanga.

Kuhusu urafiki wenu, sina la kukuahidi, na nakuomba usiuweke mbele. Pengine atakusamehe baada ya mwaka, pengine atabadilisha kwaya. Lakini fikiria hili unapovaa viatu vyako: huyo mwanamke amelia mwaka mzima akiyalilia masikio yake. Nafasi ya kumlilia mama yake mwenyewe bado hajaipata.

Mama Candide