Dawa Iliyomo Mwilini mwa Mama Yako

Mwanangu mpendwa Nyemo,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua zilipokatika. Nilianza kukuandikia mara kadhaa nikaacha, kwa sababu sipendi kuandika jambo nisilolielewa. Bado silielewi, lakini mama yako anaumwa, na wewe uko mbali.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho hapa Miyuji, tulipokuwa tukichambua mlenda uani? Mama yako alikuuliza ni kazi gani hiyo ya kushinda na panya ng'ambo. Ukatueleza kwamba ubongo na uti wa mgongo hutengeneza vipande vidogo vya protini vinavyofanya kazi kama mofini, vikizuia habari ya maumivu isipite yote. Ukasema mnawapa panya dawa ya kuvizuia vipande hivyo, na panya aliyekuwa ametulia huanza kuumia. Hapo ndipo mnapojua kwamba kulikuwa na kitu kikifanya kazi kimyakimya.

"Kumbe nina duka la dawa mwilini!" mama yako alisema. "Basi hawa wanaofungua maduka kila kukicha huko mjini wananiuzia nini?"

Tulicheka sana. Mimi nilijivuna pia, nikidhani sayansi imethibitisha malezi yetu. Kwetu Wagogo kijana hapigi kelele jandoni, wala mwanamke katika uchungu wa uzazi. Ulipozaliwa kule Bahi, jirani aliyekuwa akitwanga nyuma ya ukuta hakujua lolote mpaka ulipolia wewe.

Sasa ugonjwa umeingia katika mifupa yake. Hospitalini muuguzi alipita kila asubuhi akiuliza, "Hujambo, mama?" Naye akajibu, "Sijambo, mwanangu," kama alivyozoea kumjibu kila mtu. Muuguzi akaenda kwa waliokuwa wakilia. Mama yako akaishia kupewa aspirini. Nilikuwa nimekaa palepale, nikiliona jasho juu ya mdomo wake, nikamsifu moyoni kwa uvumilivu. Daktari ndiye aliyemgusa nyonga, akamwona akiuma kanga, akanigeukia.

"Mzee, huyu anateseka. Mbona hamsemi?"

Daktari anataka kumpa mofini. Mama yako hajakubali. "Nikilewa dawa, Nyemo akija nitamtambuaje?" Tena ana swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu: dawa ya nje ikiingia, ile ya ndani haitaacha kazi? Nami nina langu: kwa mtu aliyevumilia maisha yake yote, ile ya ndani huisha?

Sihitaji jibu la kunifariji. Andika ukweli, kwa maneno ambayo mama yako atayaelewa nitakapomsomea.

Jana nilimwambia, "Mama Nyemo, ukiumia, lia."

"Mwalimu," akasema, "miaka yote umewanyamazisha watoto wa watu, leo unanifundisha kulia mimi?"

Akacheka. Kicheko kikakatika katikati, akaushika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Hakulia.

Daktari anangoja neno letu. Siwezi kulitoa kwa niaba yake, wala siwezi kuendelea kuutazama ukimya ule. Tukishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama jibu lako litakuwa bado njiani.

Akuombeaye daima,
Baba yako