Komba wa Bukini na Ukwaju wa Dira

Mjomba Omari, shikamoo kutoka Riyadh.

Sina raha. Bosi amemletea madam komba wa Bukini, Madagaska kama wanavyoiita hapa, yule mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, na kumlisha ni kazi yangu. Siku tatu amekataa tende, amekataa hata biskuti. Madam akanambia, "Akifa, ni wewe."

Ndipo nikakumbuka hadithi zako za meli, kwamba huko Bukini kiangazi kikikausha miti mingine, komba hukimbilia mikwaju. Nikaloweka ukwaju, nikautia sukari kama wa futari. Akaunusa tu, akanipa mgongo. Leo nikampata Mhindi sokoni Dira anayeuza ukwaju mzima na maganda yake. Mjomba, komba aliupasua kwa meno akala, nami machozi yakanitoka.

Lakini Mhindi kasema msimu umekwisha, hayo ndiyo maganda ya mwisho. Madam sijamwambia. Amefurahi mno, ameshaagiza komba wa pili.

Niombee dua, mjomba wangu. Na ule mkwaju wa uani uliosema utaukata, tafadhali usiukate.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanaisha