Ndoa ya Alphonse Imekwama Kwenye Mashini

Jumatatu, 3 Machi

Imekufa tena. Nimeshakata picha, nimeshaweka muziki, imebaki mashini, hii kompyuta yangu, iunganishe yote iwe filme moja. Bibi arusi akafika mulango wa kanisa, kioo kikawa bluu, maandishi meupe, basi. Nikawasha upya. Bibi arusi, mulango, bluu. Mara ya tatu nimezima mwenyewe na kwenda kutwanga pondu, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Ndiyo, Alphonse yule yule. Miaka minne alikuwa mupenzi wangu, alikula pondu hapa kwetu, kisha akaoa mutoto wa watu wa Isangi. Akarudi kuniuliza kama nitapiga video ya ndoa, eti mimi ndiye fundi anayemujua. Nikakubali. Kazi ni kazi. Mujinga ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Leo kosa linasema memwari. Nimefungua ubavu wa mashini, nimetoa vipande viwili vya memwari, nimevifuta, nimejaribu kimoja kimoja. Bluu. Jana lilisema disk. Nimepima disk, iko nzima. Mashini inasingizia huyu, inasingizia yule.

Mama amepita na chai, akauliza kama mashini inaumwa. Nimemuambia aniache. Mama na hii mashini! Anaipangusa kuliko sahani zake.

Alhamisi, 6 Machi

Odette, dada ya Alphonse, amekuja kuchukua filme. Baba ya bibi arusi anapanda mutumbwi kutoka Isangi, na Jumapili ukoo wote unakaa pamoja kuiangalia. Nimemueleza kwamba mashini inazimika. Akauliza inazimika wapi. Nikasema ukweli, mimi na mudomo wangu: bibi arusi akifika mulangoni.

Odette akauliza tena:

“Kila mara palepale?”

“Kila mara.”

“Bon, Mado. Tumeelewa.”

Wameelewa nini? Kufika jioni mutaa wetu wote wa Simi-Simi unajua: Mado ana wivu, Mado amefunga ndoa ya watu ndani ya mashini. Muuza makaa ameniuliza mbele ya watu. Kopi nyingine haiko, kadi ya kamera niliifuta kwa kazi ya matanga. Filme hii ikipotea, na jina langu limekwenda. Nani ataita mutu wa kijicho apige video kwenye karamu yake?

Ijumaa, 7 Machi

Nimefuta programu, nimeirudisha. Bluu. Nachukia watu wote.

Jumamosi, 8 Machi

Kitu kibaya: nimeanza kuwaamini. Nikiona lile vazi jeupe nageuza uso. Labda ni mimi kweli. Mimi mwenye diploma ya informatiki! Aibu tupu.

Alphonse amepiga simu. Hakusalimia. Alisema, “Unikasirikie mimi, Mado. Muke wangu hajakukosea kitu.” Nimekata. Nimelia, na ni hasira, si mapenzi. Najua tofauti.

Kwa hasira ile ile nimejaribu kitu. Sikuanza mwanzo wa filme. Nimeanzia pale pale mulangoni, kwenye vazi jeupe lenyewe. Bibi arusi akaingia, akafika altare, akavishwa pete, akatoka. Mashini kimya, inafanya kazi. Ikaja kufia kwenye keki.

Donc, kumbe si bibi arusi. Ni muda. Inafanya kazi, inapata joto, inaanguka. Nimeigusa juu: moto wa sufuria. Sikuwaza joto kwa sababu ventilateri, ile feni ya ndani, nilikuwa naiona inazunguka. Nikataka kuifungua, courant ya umeme ikakatika.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekwenda misa. Nimefungua ventilateri. Chini yake hewa haipiti kabisa: vumbi na mafuta, matope meusi. Mafuta yametoka wapi? Nimenusa. Naijua ile harufu. Ni chupa ya mafuta ya baraka ya Mama.

Aliporudi nilimuonyesha vidole vyangu. Akakaa chini. Tangu nilipochukua kazi hii, kila asubuhi nikiwa naoga, anachora musalaba juu ya mashini na kudondosha kidogo kwenye matundu.

“Niliogopa ile ndoa itakuua, mwanangu,” alisema. “Kila siku unaiangalia tu.”

Nimemufokea. Nimesema heri angemwagia maji, tujue moja. Alikwenda kuchambua muchele.

Nimesafisha kwa alkoli na mswaki. Courant haikurudi siku nzima. Kwa kina Alphonse watu walikaa mbele ya televizyo tupu.

Jumatatu, 10 Machi

Courant imerudi, na filme imetoka nzima, mulango, keki, ngoma, mpaka mwisho. Nimeiangalia yote. Ni kazi nzuri.

Nimepeleka flashi mwenyewe. Baba ya bibi arusi alishashuka kwenda Isangi asubuhi. Odette alipokea kwenye mulango, hakunikaribisha ndani. Nikamueleza habari ya mafuta. Akacheka. “Sasa unasingizia hata Mama yako?”

Nimegeuka, nikaondoka. Watakufa wakijua ni wivu wangu. Wakufe nayo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kazi haiko. Hakuna aliyepiga simu.

Mama hakaribii tena mashini. Akifagia anaizunguka mbali. Chupa yake ameifunga ndani ya kitambaa, ameiweka juu ya kabati.

Nimeishusha, nimemupelekea jikoni. Nimemuambia mashini haitaki mafuta, anipake mimi.

Alifuta mikono kwenye kitenge. Akanipaka hapa kwenye paji la uso, polepole, akiomba kwa sauti ya chini. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya kitunguu. Kisha tukala.