Chini ya Saa Moja hadi Bukoba

Pasiansi, Mwanza

Dada yangu mpendwa Bernadetta,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Miguu inaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi nipo, ingawa pumzi huniishia nikitoka kitandani kwenda mlangoni. Daktari hanifichi tena, nami sitakuficha wewe.

Nina hasira na mdogo wetu Jovinary. Wiki iliyopita alinipigia simu, akacheka, akasema nisihofu kuhusu safari yangu ya mwisho: ndege ya Mwanza hadi Bukoba haichukui hata saa moja, jeneza litafika kabla chai haijapoa, na nafasi yangu katika kibanja cha baba, kati ya migomba na makaburi ya wazee, imeshafyekwa. Niko hai, naye ananipimia muda wa maiti!

Mke wangu Dorotea alipofariki, miaka mitano iliyopita, Jovinary huyo huyo alisema Bukoba ni mbali. Ndege ni ndogo, meli inachelewa, barabara inazunguka ziwa. Basi Msukuma azikwe huku huku kwao. Dorotea, aliyepalilia migomba ile kila likizo! Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, Dada. Ziwa halijasinyaa. Viwanja vyote viwili vya ndege viko palepale. Umbali hauulizi kabila la marehemu.

Nilipomjibu kwamba nitalala hapa, kando ya mke wangu, alisema mimi nimeolewa Usukumani, na Mhaya asiyezikwa kibanjani ni kama mbwa aliyefia njiani. Akasema ukoo umeshaamua. Najua wewe hukuitwa kwenye kikao hicho.

Sasa nikuungamie jambo. Jumatatu nilipanda ndege hiyo. Binti yangu Gladness alinisukuma kwa kiti cha magurudumu, akilalamika kwamba nitamuua kwa hofu. Sikumaliza juisi, tukaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Nilikwenda kibanjani nikaikuta migomba iliyokatwa kwa ajili yangu, mmoja ukiwa na mkungu mchanga. Nililia kwa hasira. Kisha gari likapita mbele ya nyumba yako. Ulikuwa barazani unachambua maharage. Nilimwambia dereva asisimame, na jioni nilikuwa nimerudi Pasiansi.

Sikukukimbia kwa chuki. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Ungeniambia neno moja tu, kwamba nirudi nyumbani, ningekubali, na Dorotea angebaki peke yake. Nilikuogopa wewe kuliko Jovinary na ukoo mzima.

Mwambie Jovinary aache mipango yake. Hathubutu kukubishia wewe. Nami namtuma Gladness akuchukue. Kama unaogopa ndege, fumba macho usali, mtatua kabla hujamaliza rozari ya pili. Njoo unigombeze nikiwa bado nasikia.

Wasalimie wote wa jumuiya yenu. Jovinary msalimie mwisho kabisa.

Mdogo wako niliyepita bila kubisha hodi,
Rweyemamu