Fasti Fudi ya Mfungo

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo halafu nikajikuta nimenyanyua kalamu, nangoja marahaba.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kindugu huanza kwa kuulizia afya. Hapo nimekwama. Nikikuuliza hujambo naogopa hutanijibu. Nikifikiri zaidi, naogopa utanijibu. Nisamehe, lakini hiyo ndiyo kweli yenyewe na ndiyo iliyonikalisha hapa mezani: tangu tukuzike, nakuogopa.

Sijamwambia mtu. Ningeanzaje? Ulikuwa ukichinja kuku umefumba macho. Hukuwahi kuninyanyulia mkono. Halafu mimi, mwanao, nazunguka kwa njia ya kanisani kila siku nikitoka shule ili nisipite mbele ya banda lako la chipsi.

Leo ni Jumanne, kesho ni Jumatano ya Majivu. Mama yuko shambani kwenye palizi, niko peke yangu nyumbani Kizwite, na mvua unaijua ilivyo miezi hii. Baba, mvua ikipiga bati naisikia kama chipsi zinatumbukia kwenye mafuta. Ule mlio wa mwanzo, mafuta yanapopiga kelele kisha yanazoea. Najua ni mvua. Hata hivyo naziba masikio.

Nikueleze kwanza yaliyobadilika. Mtaa wa Majengo umejaa biashara. Kila aliyepunguzwa kazi amefungua kitu. Asiye na duka ana meza, asiye na meza ametandaza turubai na mitumba yake. Karibu na stendi kuna mgahawa wa chipsi wenye kabati la kioo, ndani yake wamewasha taa mchana kweupe. Nilikwenda na wenzangu wa darasani. Unaagiza, unapewa, umemaliza. Chipsi zilikuwa zimekaangwa asubuhi, zimelala chini ya ile taa kama vifaranga. Chumvi ilikuwa sawa, siwezi kuzisingizia. Ila nilishindwa kumeza, kwa sababu hakuna mtu aliyenichelewesha.

Wewe ulikuwa unachelewesha watu, Baba! Mtu anaagiza ndipo unakwenda kwenye gunia kuchagua kiazi. Unakigeuzageuza, unakinusa, unaanza kumenya huku unamuuliza habari za mkwewe. Yule dereva wa lori la mahindi alikuwa akikwambia, "Mzee, kama unakwenda kuvilima kwanza niambie, nikalale kidogo." Nawe bila kugeuka: "Lala, bwana. Viazi vyangu havimkimbilii mtu." Benchi zima linacheka, na yeye anacheka, na hakuna anayeondoka.

Na ubao juu unasema FAST FOOD.

Mpaka leo nikiukumbuka nacheka nikiwa na machozi. Duka la ushirika lilipofungwa ukabaki bila kazi, ulisafiri hadi Mbeya kufuatilia stahili zako, na huko ukaona maneno hayo juu ya mlango wa mgahawa. Kiingereza chako kilikuwa cha seminari, cha miaka miwili, chote cha sala. Fast ni kufunga. Ulitusimulia jinsi ulivyosimama barabarani ukiwastaajabia watu wa Mbeya, wacha Mungu kiasi cha kuwa na hoteli nzima ya chakula cha mfungo! Ukarudi na wazo. Ukapigilia mbao za makreti, ukaomba rangi ya samawati iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa la kigango, ukaandika mwenyewe: FAST FOOD. Chini yake, CHAKULA CHA MFUNGO. Chini kabisa, kwa herufi za kubanana: Ijumaa nyama hakuna, usiombe.

Nilikuwa darasa la pili. Sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Viazi vya kwetu Ufipa, mafuta ya alizeti, migebuka, wale samaki wa Kabwe, uliyoikaanga hadi miiba ikalika, kabichi yenye ndimu. Ile chupa ya tomato uliyoitoboa kifuniko kwa msumari, ambayo tomato ilikuwamo siku ya kwanza tu, baadaye ukatia ukwaju na pilipili na hakuna aliyelalamika. Vijiti vya kuchomea chipsi. Ijumaa za Kwaresima watu walitoka Njia ya Msalaba wakaja moja kwa moja kwako, na mwezi wa Ramadhani Waislamu wa Majengo wakaja jua likizama, wakafuturu pale pale. Hakuna aliyeona kosa kwenye ubao. Wote walikuwa wamefunga.

Kosa nililiona mimi, nikiwa kidato cha kwanza. Mwalimu wa Kiingereza aliandika maneno yale mawili ubaoni akauliza nani anajua maana yake. Unajua mimi siinuagi mkono. Nyumbani naongea Kifipa, darasani Kiswahili na Kiingereza, na kote nanyamaza sawasawa. Siku ile nikainua, maana hilo nililijua, lilikuwa la kwetu. Nikasimama nikasema, "Chakula cha mfungo, mwalimu." Darasa likalipuka. Mpaka leo wananiita Mfungo. "Mambo, Mfungo! Umeshafuturu?"

Nilikuja bandani nalia kwa hasira. Nikakueleza kwamba hapo maana yake ni haraka, chakula cha haraka haraka. Uliacha kumenya, kisu mkononi, ganda la kiazi linaning'inia. Kisha ukaishika nguzo ukacheka mpaka banda likatikisika. "Kumbe! Ndiyo maana yule Mzungu aliyeagiza chipsi juzi alikuwa anatazama saa yake!" Nikakusihi tuufute ubao. Ukasema, "Tumekula nalo neno hili miaka yote, leo tulifukuze? Wacha likae."

Halafu ukanipa kiazi changu.

Hili naogopa kuliandika, lakini niandike. Wateja walinitia aibu, sikuweza kukaa nao benchini. Nilipita mlango wa nyuma, na wewe kila siku ulikuwa umenifukia kiazi kimoja kwenye majivu, tumboni mwa jiko. Uliinama sikioni, wasisikie watu: "Fukua, mama." Uliniita mama kwa kuwa jina langu ni la mama yako. Nami nafukua kwa kijiti, napuliza, nakila na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Chipsi zako zilisifiwa mji mzima, lakini kile kiazi kilikuwa siri yetu.

Sasa neno hilo ndilo linalonitisha. Fukua. Nikisinzia nalisikia. Nani anamwambia mtu afukue, Baba, akiwa yeye mwenyewe amefukiwa?

Unajua wanasemaje? Ulikaa juu ya gunia Ijumaa ile, ukasema kifua kinakubana, na jua halikuzama ukiwa hai. Daktari alisema ni moyo. Lakini wewe ni mtu wa hapa, unajua daktari akishamaliza, watu wa hapa ndipo huanza. "Ametupiwa uchawi." "Biashara ilimwendea vizuri mno." "Pale jikoni kuna kitu kimefukiwa." Na Mama Salome, yule jirani yako wa vitumbua aliyekuwa akikukopesha mkaa, alinishika mkono sokoni, macho yamemtoka: "Mwanangu, lile jiko usiliwashe. Atakayeliwasha atamfuata baba yako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia.

Mama anasema sisi ni watu wa Kanisa, hayo ni maneno ya wasio na kazi. Lakini naye hajaligusa jiko. Ulivyoliacha ndivyo lilivyo, karai limefunikwa juu, majivu yako yale yale tumboni.

Na sasa Baba Mdogo amepata mpangaji, kijana anataka banda la kuonyeshea video. Atakuja naye kesho jioni kuchukua ufunguo. Mama alikaa na hilo jana kutwa, na leo asubuhi kabla ya kwenda shambani akaweka kiberiti mbele yangu. "Kwaresima inaanza. Kama kesho moshi hautoki pale, nampa ufunguo shemeji, na banda la baba yako tusahau. Mimi nikishawashiwa nitakaanga kutwa. Kuwasha siwezi. Nimejaribu kwenda mara nyingi, miguu inagoma."

Basi amebaki nani, Baba? Amebaki Mfungo.

Naogopa jiko. Naogopa kufa. Naogopa pia kwamba nisipoliwasha utakuja kuniuliza. Mvua imezidi, naomba niishie hapa kidogo.

*

Naendelea. Ni Jumatano, mikono yangu ni myeusi na karatasi inachafuka, utanivumilia.

Asubuhi Padri alinipaka majivu kwenye paji la uso, nikawaza yale mengine. Baada ya shule nilimkuta Mama kwenye vitumbua vya Mama Salome, ng'ambo ya barabara. Hakuvuka. Alinipa ufunguo tu. Mama Salome akashika kichwa: "Mtoto wa watu huyo jamani!"

Kufuli lilikuwa limeota kutu. Ndani kulinukia mafuta ya zamani, na wewe. Shati lako la kazi bado liko kwenye msumari; nililiona nikadhani umesimama, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Nilisali yote ninayoyajua, kwa lugha zote. Kisha nikaondoa karai.

Jiko haliwaki likiwa limejaa majivu, wewe ndiye uliyenifundisha. Lazima kwanza utoe ya jana. Nilitafuta kijiti changu sikukiona, nikaingiza mkono. Majivu yalikuwa ya baridi na laini kama unga wa ulezi. Nikachota, nikachota tena. Mara ya tatu vidole vyangu vikagusa kitu.

Cha mviringo. Kigumu. Kina makunyanzi kama ngozi ya mtu.

Baba, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mimi, ambaye mwalimu huniambia kila siku nipaze sauti! Nilijua nimekishika chenyewe, kile walichokufukia, na kwamba kimeshanishika nami. Mkono ulikataa kufunguka. Nikamwona Mama ameruka mtaro wa matope na kanga inaburuta, nyuma yake Mama Salome na upawa wa vitumbua ameuinua kama rungu.

Mama alikitoa mkononi mwangu kidole kwa kidole. Akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Akakaa chini palepale kizingitini.

"Resti," akasema, "hiki si chako?"

Kilikuwa kiazi. Kimekauka, kimekuwa cheusi kama mkaa, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani. Ijumaa ile, kabla kifua hakijakubana, ulikuwa umeshanifukia. Mimi nilikuwa njiani natoka shule, sikuharakisha kwa sababu hatukuwahi kuharakisha. Nilipofika walikuwa wameshakubeba.

Basi ni kweli walivyosema, jikoni kulikuwa na kitu kimefukiwa.

Tulilia wote watatu. Mama Salome ndiye aliyenyamaza kwanza, akajifuta pua kwa kanga. "Haya, washa. Kama ni kufa tufe tumeshiba. Na chipsi za kwanza nikaangieni mimi."

Njiti mbili zilivunjika. Ya tatu ikashika. Moshi wako ulitoka kwa kusitasita, ukagonga bati, ukatafuta njia yake ya zamani pale kwenye pengo, ukatoka nje. Mama alisimama, akavusha gunia la viazi, mafuta na migebuka aliyonunua asubuhi, akachukua kisu. Miguu yake ilimkubalia.

Baba Mdogo akaja na kijana wake wa video. Aliuona moshi tangu mbali, akafika akasimama, "Mmh, shemeji." Akaketi benchini. Kijana naye akaketi. Wakaagiza chipsi na mgebuka, ndio mlo wao wa siku. Na mimi nikaenda kwenye gunia kuchagua kiazi.

Wakangoja. Baba Mdogo akaanza kugongagonga meza. "Jamani, hii si fasti fudi?"

Mama aliniangalia. Mama Salome aliniangalia. Nikasema, na nilisema kwa sauti, Baba, hata wa barabarani walisikia: "Tulia, Baba Mdogo. Viazi vyetu havimkimbilii mtu."

Alicheka kidogo, halafu akafunika uso kwa mikono yake. Ufunguo hakuuomba. Kijana wa video alikula akaongezewa.

Siwezi kukuahidi kwamba siogopi. Giza linaingia na bado nimeketi karibu na Mama kuliko ilivyo kawaida, na nikihesabu mapigo ya moyo wangu nayaona mengi mno. Maneno ya watu hayataisha kwa kiazi kimoja. Keshokutwa watasema kiazi chenyewe kilikuwa dawa. Lakini wewe sikuogopi tena. Mtu anayekufa huku amekuwekea chakula, unamwogopea nini?

Ubao utabaki na maneno yake yote, hata wenzangu wanicheke hadi kidato cha sita. Nitakuwa nikija kila siku baada ya shule, kwa mlango wa mbele. Kiazi chako nimekifunga kwenye gazeti pamoja na chumvi, kiko kwenye sanduku langu la shule. Sikuweza kukila, na kukitupa sitakitupa. Na leo kabla hatujafunga banda, Mama alipokuwa anatafuta kufuli, niliinama nikafukia kingine. Kesho mtoto wa Mama Salome, yule mdogo anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake, atapita mlango wa nyuma. Najua neno nitakalomwambia.

Lala salama, Baba. Huhitaji kuja, tunaweza. Na mvua ikirudi usiku sitaziba masikio; nitasikiliza mpaka mafuta yazoee.

Mimi mwanao, na mama yako,
Restituta