Mama Bado Yuko Angani

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe mkeo zake kabla hujajifungia kusoma peke yako kama kawaida yako. Natumaini mtoto ameanza kulala usiku, nanyi mnapata usingizi. Sisi huku tu wazima. Cherehani inazunguka, wateja wanalalamika, basi maisha yanakwenda.

Najua umenuna. Ulimtumia mama tiketi, ukampakia chumba rangi, halafu akakwambia kwenye simu kwamba ndege anaziogopa na haji. Tangu siku hiyo hupigi. Mkeo naye ameniuliza kama mama hamtaki. Hebu nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ukikasirika huulizi.

Tiketi ilipofika, mama aliniburuta hadi kwa wakala wa ndege. Wakala akamtajia kilomita mpaka akachoka. Mama akamwambia kilomita hazimhusu, hizo ni za rubani. Yeye anataka kujua atakaa kitini muda gani. Akajibiwa saa kumi na tatu, bila kuhesabu kusubiri ndege ya pili. Tulipofika nyumbani akatangaza kwamba lazima afanye mazoezi.

Basi Jumamosi tukasukuma viti vya sebuleni vikabanana, chake ukutani, changu pembeni. Mama akavaa viatu vya safari, akapakata mkoba, akajifunga kwa mkanda wa gauni la mteja. Nikaagizwa nishone kwa mkono na nisimsemeshe, eti abiria wa jirani huwa humjui. Akitaka kwenda msalani ananiomba radhi nimpishe! Jirani yetu alipokuja na umbea wake, mama akamwambia arudi jioni, maana yeye bado yuko angani. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Ilipofika saa ya saba ya safari yetu, kicheko kiliisha. Miguu ilimvimba, viatu vikagoma kutoka, na alipojaribu kusimama akarudi kitini kama mzigo. Nilimpeleka kwa daktari. Akasema mishipa ya miguu imechoka, na katika safari ndefu hivyo damu inaweza kumgandia. Akamkataza ndege kabisa.

Hiyo ndiyo sababu, mdogo wangu. Hofu ya ndege ni uongo wake. Aliniapisha nisikwambie, akidai utaacha kazi mpya uje mbio, na kwamba afadhali umwone mwoga kuliko akuharibie. Kisha akaingia chumbani na picha ya mjukuu wake, akalia. Nimeshindwa kunyamaza, wallahi. Omba likizo, hata fupi, mje wote. Wewe saa hizo kumi na tatu unaziweza.

Nibusie mtoto, na mkeo umwambie mkwewe anampenda sana. Kwa kawaida ningemalizia kwa salamu za mama, lakini leo hazimo, kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Njoo uzipokee mwenyewe.

Dada yako,
Mama Kelele, kama ulivyonibatiza utotoni