Mahindi Madogo Juu ya Meko

Mkwaja, 4 Juni

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako hajambo.

Umeuliza kwa nini programu unazozalisha kwenye kompyuta, kila kizazi ukichagua zilizo bora tu ziwe mbegu ya kizazi kijacho, sasa zinafanana na haziboreki tena.

Nilipokuwa darasa la sita, nilimchagulia mama mbegu za kutundika juu ya meko, moshi uzikinge na wadudu hadi msimu wa kupanda: mahindi manene tu. Akacheka, akachanganya na madogo yanayowahi kukomaa.

“Mwanangu, wewe wachagulia mvua ya mwaka huu. Ya mwakani waijua?”

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mapema, manene yakakauka shambani, tukala mavuno ya yale madogo. Hadi leo namstaajabia.

Je, zile programu dhaifu ulizifuta zote, au zipo ulizobakiza? Nijibu upesi.

Bibi yako